Kahawa ya Itaka haionekani mtandaoni

Itaka, Jumapili jioni, Novemba 2013

Jana mvua ilinyesha, ya kwanza. Si nyingi, ya kulaza vumbi tu, lakini imetosha kuninyima raha. Leo kanisani wenzangu walikuwa wanachekacheka, wanaulizana habari za mbegu na mbolea. Mimi nilikaa benchi la nyuma nikiombea jua liwake. Sijui kama ni dhambi kuombea jua wakati kila mkulima anaombea mvua. Kama ni dhambi, basi nimeitenda kwa moyo wangu wote.

Sababu ni kaka Zeka. Shamba la kahawa ni la marehemu baba, na baba alimwachia yeye, mtoto wake wa kiume wa pekee. Wengi hapa wameshang'oa mibuni yao wakapanda mahindi, maana mahindi ukiyafikisha Tunduma mpakani hayalali, kuna Mzambia, kuna Mkongo, yanaondoka. Zeka naye anataka kung'oa. Mwezi wa tano nilimwomba aniachie nijaribu kukaanga kahawa mwenyewe, niifunge kwenye pakiti, niiuze kwa watu wa mbali kupitia tovuti. Alinitazama kama unavyomtazama mtu anayeweweseka na malaria. Mwisho akasema, "Haya, Edina. Mvua za kwanza zikikukuta hujapata mteja, mimi naingiza vibarua."

Mvua za kwanza ndizo hizo. Mteja sina.

Hata mmoja.

Kuwauzia majirani siwezi. Watu wa hapa wanaijua kahawa kuanzia kitaluni mpaka kwenye gunia, lakini kikombeni wanataka chai. Niliwahi kumkaribisha mke wa mchungaji kikombe kimoja. Alikunywa chote kwa adabu, kisha akaniuliza kama ni dawa ya tumbo. Kwa hiyo mteja wangu lazima awe mtu nisiyemjua, aliyekaa mahali nisipopajua, siku moja apate hamu ya kahawa nzuri na aanze kuitafuta mtandaoni. Huyo ndiye niliyekuwa namngoja.

Tovuti yenyewe ipo. Aliitengeneza Amosi, mtoto wa shangazi yangu, fundi wa kompyuta, kabla hajavuka kwenda Zambia kutafuta maisha. Nikiiandika anwani yake inafunguka vizuri kabisa: mibuni imechanua maua meupe, na mimi pembeni na kilemba cha bluu, nimetabasamu kuliko kawaida yangu. Lakini nikienda kwenye mtandao wa kutafuta nikaandika "kahawa Mbozi", haimo. "Kahawa ya Itaka", haimo. Nikaandika majina yangu yote matatu, wakaja akina Edina wa nchi za watu. Nikaandika Mbozi, wilaya yetu, peke yake, likaja lile jiwe la kimondo na picha zake kibao. Jiwe limeanguka tu kutoka juu, hata Kinyiha, lugha yetu, halijui, na dunia nzima inaliona. Mimi niliyezaliwa hapa sionekani. Siku ile niliifunga kompyuta kwa nguvu mpaka nikaogopa nimeivunja.

Shajara hii nayo ilizaliwa na shida hiyohiyo. Nilisoma mahali, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, kwamba mitandao ya kutafuta inapenda tovuti yenye maandishi mapya. Basi nikaanza kuandika. Mwanzo niliandika mambo ya maana: namna ya kukaanga bila kuunguza, namna ya kutunza buni isipate unyevu. Hakuna aliyesoma. Kila nikifungua sehemu ya maoni naikuta tupu, imeandikwa "kuwa wa kwanza kutoa maoni". Ndipo nikaanza kuandika mengine.

Niliandika siku nilipokunja vitenge vya mama baada ya matanga, nikakuta kimoja bado kina harufu yake, nikakirudisha kabatini bila kukifua. Niliandika kuhusu mwanaume niliyeishi naye Vwawa, jinsi alivyonirudisha nyumbani kwa sababu sikupata mtoto, na jinsi nilivyomwona sokoni mwaka huu na mkewe na watoto, nikajificha nyuma ya marobota ya mitumba mpaka wakapita. Niliandika kwamba mpaka leo nasonga ugali wa watu wawili, kwa sababu kipimo cha mtu mmoja mkono wangu haujakijua. Na niliandika kuhusu Zeka, maneno ambayo usoni kwake siwezi kuyatoa. Kwamba tangu mama afe akija hapa anapitiliza shambani, anahesabu kwa macho, anaondoka bila kuuliza nimekula nini.

Niseme ukweli, nikaja kuipenda kazi hii. Jua likianza kuzama nakaa dirishani, ndipo modemu inaposhika mtandao, naandika mpaka betri ya sola inaanza kulalamika. Sikuwa naandikia mtu. Nilikuwa naongea tu, kwenye nyumba ambayo haina wa kuongea naye.

Sasa ya leo.

Baada ya ibada shangazi alinishika mkono akanipa namba mpya ya Amosi. Ile ya zamani ilikufa tangu alipovuka mpaka, na miezi yote hii nilikuwa napiga naambiwa haipatikani. Nikaja moja kwa moja dirishani, nikapiga. "Muli shani, dada," akanisalimia kwa Kibemba chake kipya, anacheka. Mimi sikuwa na kicheko. Nikamwambia tovuti haionekani, kaka yako Zeka anataka kung'oa shamba, nifanyeje. 

"Dada, ile tiki uliitoa?"

"Tiki gani?"

"Ile ya kuificha. Si wewe uliniambia isionekane na mtu mpaka ibarikiwe?"

Nilikaa kitako, na kiti hakikuwepo.

Ni kweli, nilimwambia. Hapa kwetu huwezi kufungua kitu kienyeji. Duka haliuzi hata kibiriti kabla mchungaji hajaja kuliombea. Zeka alipoleta mashine yake ya kusaga, ilikaa imefunikwa turubai, watu wakaendelea kubeba mahindi yao kichwani kwenda mbali, mpaka siku ya maombi ilipofika. Sasa mimi nifungue biashara ya kuuzia dunia nzima bila baraka? Nikamwambia Amosi, isionekane na mtu yeyote kwanza. Akaitii, akaweka tiki kwenye kisanduku fulani ndani ya mipangilio, kinachoiambia mitandao ya kutafuta isiisome tovuti hii.

Siku ya maombi watu walijaa sebuleni. Kompyuta tuliiweka mezani juu ya kitambaa cheupe, mchungaji akaiwekea mkono, akaomba wateja waje kutoka mashariki na magharibi. Kwaya ikaimba. Tukala kuku, tukanywa chai, naam, chai, kwenye uzinduzi wa kahawa. Amosi alipiga makofi kuliko wote, na wiki ileile akaondoka. Yeye alidhani tiki nitaitoa mimi. Mimi sikujua hata kama ipo. Na kwa kuwa anwani niliyoizoea ilikuwa inafunguka kila siku, sikushuku kitu.

Amosi akanielewesha taratibu. Mitandao ya kutafuta, akasema, ina makarani wake, kama wale wa sensa ya mwaka jana. Wanapita tovuti hadi tovuti, wanaandika nani anakaa wapi na anafanya nini, na mtu akiuliza wanatazama walichoandika. Kwangu walikuja. Wakakuta mlangoni pameandikwa wasiingie, wakaondoka zao kwa heshima.

Nilicheka, kisha nikalia kidogo, kisha nikacheka tena. Mchungaji hana kosa. Aliomba wageni waje, na wageni walikuja wakakuta nimefunga.

Akaniongoza: fungua mipangilio, shuka chini, shuka tena. Kisanduku chenyewe ni kidogo, hata ukucha wa mtoto unakizidi, na tiki imekaa ndani imetulia. "Toa, hifadhi, halafu vumilia," akasema. "Makarani hawaji siku hiyohiyo. Inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa zaidi." Nikamshukuru, tukaagana. Nikasogeza mkono nitoe tiki.

Mkono ukagoma.

Makarani wakiingia hawasomi kahawa peke yake. Watasoma vitenge vya mama. Watasoma marobota ya mitumba. Mtu wa Vwawa akiandika jina langu, au jina la yule bwana, anaweza kuletwa mpaka hapa akanisoma nilivyochuchumaa nyuma ya mitumba. Nikaona haya nikiwa peke yangu ndani ya nyumba.

Nikaiacha, nikampigia Zeka kwanza. Nilisikia watoto wake wanapiga kelele nyuma na sufuria zinagongana, nyumba imejaa. Nikamweleza mambo ya tiki, harakaharaka kabla hajanikatiza. Alicheka, lakini si kwa ubaya.

"Kwa hiyo umefungua duka, ukajifungia ndani na ufunguo."

"Ndiyo, kaka."

 Nilijua anafikiria mahindi. "Edina, mdogo wangu, vibarua nimeshawaambia. Jumanne wanaingia shamba la juu, hilo siwezi kulirudisha. La bondeni nitaliacha mpaka nimalize kupanda huko juu. Nikilifikia bado huna mteja, na lenyewe linaondoka. Zaidi ya hapo usiniombe."

La bondeni ni dogo, lakini ndiko kwenye mibuni mizuri. Nikasema asante. Nikamwambia nimepika, aje ale. Akasema njia ina utelezi, siku nyingine. Kutoka kwake hadi kwangu ni mwendo wa kuimba wimbo mmoja na kiitikio.

Nikarudi kwenye kompyuta nikaanza kusoma kila nilichoandika tangu mwanzo, kidole kikiwa tayari kufuta. Nimefuta moja tu, ile ya Zeka. Ni kweli niliyoandika, lakini ameniachia bonde, na ana watoto watakaojua kusoma mtandaoni muda si mrefu. Hii ya leo naibakiza, humu sijamsema sana. Ya mama nilitaka kuifuta nikashindwa, ningekuwa kama namtoa nyumbani mara ya pili. Ya yule bwana nayo nimeiacha. Aliyenirudisha ndiye wa kuona haya, si mimi.

Kisha nikatoa tiki. Nikahifadhi.

Hakuna kilichotokea. Sijui nilitegemea nini, labda mlio. Ukurasa ulibaki vilevile, nje mawingu vilevile, mbwa wa jirani analia vilevile. Nilikaa nikiutazama ule mraba mtupu na hofu ikaniingia ambayo sikuitarajia. Miezi yote hii nimelalamika sionekani, kumbe nilikuwa nimeshaizoea hali ile, nimejikunyata ndani yake. Kuna usalama fulani katika kutosomwa na mtu. Nimeuachia leo, kwa ajili ya kahawa, na sijui kama kahawa yenyewe itapona.

Lakini si kahawa tu. Ngoja nisijidanganye kwenye shajara yangu mwenyewe. Hata Zeka angekuwa ameniachia shamba lote, nadhani tiki ningeitoa.

Sijawahi kumwandikia mtu kwenye ukurasa huu, kwa hiyo sijui naanzaje. Wewe uliyefika hapa, uliyekuwa unatafuta kahawa ukaangukia habari zangu, samahani na karibu. Kahawa ipo, iko ukurasa wa mbele, bei zimeandikwa, naituma kwa basi popote linapofika. Mibuni ya bondeni inakutegemea, hilo sikufichi. Lakini hata kama hunywi kahawa, shuka hapo chini kwenye maoni uniandikie neno moja, lolote. Uniambie tu kwamba umepita.