Baiskeli ya Baba Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana nimefika mahali hata mke wangu ananicheka waziwazi. Mimi ni fundi miwani, nasaga lenzi kutwa nzima nimekaa, na miaka miwili iliyopita tumbo lilipoanza kunitangulia mlangoni baba mkwe wangu, mwalimu mkuu mstaafu, aliingia dukani bila kuniuliza akaninunulia baiskeli ya mbio, zile za tairi nyembamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo, ya bei ya chini kuliko zote pale, akaikalia mwenyewe akaona inatosha kabisa, sasa yeye ni mfupi na mimi kila mlango nainama, kwa hiyo nikiendesha magoti yanagonga viwiko, lakini zawadi ya mkwe utairudishaje?

Mwezi wa kwanza tu breki zikanikatalia, nikashuka mteremko wa sokoni nimezibana zote mbili na baiskeli haina habari, nikaishia ndani ya duka la magodoro, namshukuru Mungu halikuwa la vioo. Sikumwambia mtu ila mke wangu. Nikaipeleka kwa fundi baiskeli akaniwekea breki nyingine, kisha rimu, kwa sababu alisema breki nzuri kwenye rimu mbovu ni kujidanganya, kisha mnyororo na gia, kisha kiti, mpaka leo cha asili kilichobaki ni fremu na rangi yake ya kijani, na vyote nimebadilisha kwa siri, maana baba mkwe akija Jumapili huizunguka mikono nyuma, kama vile bado anakagua madarasa, halafu anasema, "Unaona, mkwe? Dukani walinicheka. Miaka miwili haijaguswa na spana!" Nami najibu, "Kweli, baba, ulijua kuchagua." Mke wangu akisikia hivyo hukimbilia jikoni kucheka.

Sasa fundi anasema kilichobaki ni kubadilisha fremu, ambayo ni nzima ila si ya kimo changu, na nikibadilisha fremu si nimenunua baiskeli mpya, na pale dukani ipo moja ya kimo changu ambayo nikiikalia mgongo wenyewe unashukuru, ila nikiinunua mzee atajua nimeitupa yake, na isitoshe sifa zimemnogea kiasi kwamba wiki hii amejinunulia na yeye ya aina ile ile, rangi ile ile, anataka Jumamosi tushuke pamoja mteremko wa sokoni, mtu wa miaka sitini na nane, sijamwona na furaha hivyo tangu astaafu. Nisaidie, mshauri, niendelee kuitengeneza hii au ninunue nyingine, na nikinunua nimwambieje mzee asininunie?

Magoti Viwikoni

Magoti Viwikoni,

Nilianza kuisoma barua yako nikicheka, na pale kwenye magodoro nilimwita mwenzangu wa meza ya jirani aje asikie. Tulipofika kwenye Jumamosi kicheko kikatukatika. Ndugu yangu, kazi yako ni kuwasaidia watu waone, na hili hukuliona? Unaniuliza habari za fremu, kumbe mzee wa watu amenunua breki zile zile zilizokuingiza dukani kwa watu, na amezinunua kwa sababu kila Jumapili unamwambia ni nzuri!

Usidhani sikuelewi. Mimi mwenyewe nilivaa viatu alivyoninunulia mama mkwe kwa miaka saba, vinanibana, nami natabasamu. Lakini viatu vile viliumiza vidole vyangu peke yangu. Kunyamaza kwako sasa kunaweza kumvunja mtu nyonga.

Haya, baiskeli kwanza, maana ndiyo uliyoniulizia. Usiiongezee hata nati moja. Kitu kisicho cha kimo chako hakitakuwa cha kimo chako hata ukikifunga mabawa. Nunua hiyo ambayo mgongo wako umeipenda. Hii ya kijani ina breki za kuaminika, rimu imara, gia nzuri, na umeniandikia mwenyewe nani aliikalia dukani ikamtosha. Mpe yeye. Ile yake mpya irudishwe, na wakikataa kuipokea, fundi wako aing'oe breki zile kabla mtu mwingine hajaipanda.

Kuhusu maneno, usiyapake sukari. Sema, "Baba, breki zilinikatalia mwezi wa kwanza, nikaona haya kukwambia." Atanuna. Mwache anune. Mzee aliyenuna akiwa na mifupa yake yote mtapatana tu, tena namjua mwalimu: wiki ya pili atataka kuonyeshwa kila kifaa na sababu yake. Na mkeo atoke huko jikoni mwende wote, huyo ni baba yake, na yeye alijua muda wote.

Ila Jumamosi ni mbali. Mtu aliyejinunulia baiskeli akiwa na miaka sitini na nane hataweza kuitazama tu ukutani siku zote hizo. Kwa hiyo ukimaliza kusoma hapa, nenda. Na ukimkuta ameshaipanda, shika usukani kwanza. Shikamoo utampa baadaye.