Majani ya Tembo ya Mama

Nyumbani, nyuma ya kiwanda cha mbao,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu sote. U hali gani huko, na ile homa imekuachia? Mkeo hajambo? Mtoto ameshaota meno, au bado anawachekea kwa fizi tu? Sisi huku tunaamka na kulala. Mimi mzima, ila mgongo unanisumbua. Mama hana ugonjwa wa kupeleka hospitali, lakini kusema ni mzima siwezi.

Amenikataza nisikuandikie haya. Anasema uko mbali, nikuache chakula kikushuke. Nimeshindwa kukaa nayo peke yangu.

Ni yale majani ya tembo ya kulishia ng'ombe, nyuma ya nyumba. Unakumbuka yalivyokuwa: yakikatwa na kutiwa samadi, baada ya miezi miwili yanakupita kichwa, na sisi tukitumwa kuyakata tunajificha humo mpaka Mama aite kwa ukali. Zile pingili alizipanda kwa mikono yake mwaka aliofariki Baba, akisema ng'ombe ndiye mume wake sasa. Watu walicheka, lakini maziwa ya ng'ombe ndiyo yaliyotusomesha.

Mvua zilizopita hayakuinuka. Yaliota mafupi, membamba, ya manjano, yamejikusanya kama fagio kuukuu. Mama alidhani udongo una njaa, akayamwagia samadi. Wapi! Akamwita bwana mifugo. Yule bwana alichuchumaa, akang'oa shina moja, akaligeuzageuza, kisha akasimama polepole.

"Mama, huu ni ugonjwa. Samadi haiutibu. Ng'oa yote uchome, na usimpe mtu hata pingili moja."

"Yote? Na ng'ombe wangu ale nini, maneno yako?"

Alimshauri apande mahindi na maharage kwanza, halafu atafute pingili safi za aina inayostahimili. Ushauri mzuri, lakini tumbo la ng'ombe halingoji msimu, na wetu alikuwa na mimba.

Basi Mama akawa anang'oa mashina yaliyozidiwa, akiacha yenye nafuu, na ugonjwa ukizidi kusogea mstari kwa mstari. Tukaanza kufyeka nyasi kwenye mitaro ya barabara, tukizigombania na wenye mbuzi. Tukamkatia ng'ombe migomba na mabua makavu. Akabaki mbavu tupu.

Ndama alizaliwa mdogo, hata kusimama hakuweza. Mama alimkamulia na kumnywesha kwa kijiko, lakini alimfia mapajani.

Wiki hiyohiyo akaja jirani yetu Bwana Ngoja, yule ambaye hata nyumba ikiungua atasema ngoja kwanza. Alishika shina la manjano. Hakugomba, na bora angegomba.

"Mama, na kwangu ugonjwa umeingia," alisema.

Pingili zake alipewa na Mama, kwa nia njema, kabla ugonjwa haujaonekana kwetu.

Alipoondoka, Mama alichukua jembe akaingia shambani. Nilipotaka kumsaidia akaniambia nikapike. Aling'oa yote, akayachoma. Mashina mabichi yalitoa moshi mzito mpaka tukafunga madirisha. Kisha akamswaga ng'ombe hadi kwa shangazi, ambako majani bado ni safi, akarudi na kamba tupu begani.

Sasa nyuma ya nyumba ni peupe. Tumepanda maharage, yameota, lakini Mama hapiti huko. Alfajiri bado anaamka, anaosha ndoo ya kukamulia, anaianika.

Mdogo wangu, ukipiga simu usimuulize habari za ng'ombe. Juzi alipokujibu kwamba anakamua vizuri na majani ni mengi hata yanamshinda ng'ombe, nilikuwa nimekaa kando yake, na banda lilikuwa limeshakuwa tupu. Aliucheka sana mzaha wako, akakuaga, akabaki ameishika simu mpaka chai yake ikapoa. Muulize maharage. Muulize miguu yake. Na usimwambie kwamba nimekuandikia.

Shangazi anakusalimu. Mjomba fundi cherehani anauliza kama ile suruali ilikutosha au umezidi kunenepa. Mkeo mpe mkono wangu, mtoto mbusu fizi zake. Mungu awafunike huko mliko, na mkate wenu usiwe mgumu.

Ni mimi nikupendaye bila kuchoka,
Dada yako.