Nafasi ya Clement

Church Row,
Harrowby Lacey,
Herefordshire.
12 Novemba 1957

Mpendwa mdogo wangu Wilfrid,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe, Muriel na watoto mu wazima, na kwamba theluji ya Saskatchewan haijawafungia ndani. Mimi sijambo, ila goti linanisumbua kwenye ngazi. Mbwa wa Ambrose bado analala mlangoni pa chumba cha piano, nami nimechoka kumruka.

Hizo ni salamu, na nimezitanguliza kwa sababu ndivyo mama alivyotulea. Sasa nisikilize. Nimekukasirikia, Wilfrid. Nimekukasirikia mpaka juzi nilianza barua hii nikaichana, maana maneno niliyoandika hayafai kupita mikononi mwa watu wa posta.

Unajua kaka yetu Ambrose alivyoishi. London hawakumtaka. Waliandika gazetini kwamba muziki wake unanuka samadi, naye akacheka, akakibandika kile kipande cha gazeti chooni. Alifundisha piano watoto wa mji huu na kutunga kwenye meza ya jikoni, kwa kuwa chumba cha piano kilikuwa hakikaliki kwa baridi. Kila alichotunga alikipima kwa sauti za watu anaowajua. Bi Pobjoy wa duka la mikate alipoanza kushindwa noti za juu kwa uzee, Ambrose alimshushia wimbo mzima bila kumwambia kitu.

Sasa amekufa, hata mwaka haujaisha, na London wamegundua kwamba alikuwa mtunzi mkubwa! Wametuletea Sir Mortimer Kesteven, mwongozaji wa muziki mwenye nywele ndefu nyeupe na koti la manyoya, aiongoze kwaya yetu katika "Sala ya Novemba", kazi ya mwisho ya Ambrose. Kampuni moja ya santuri nayo ikaja na nyaya zake ili kurekodi.

Nikueleze jambo ambalo ungelijua kama ungeuliza. Katikati ya kazi hiyo kwaya inanyamaza, na kwenye karatasi Ambrose aliacha mistari mitupu. Si kwamba kifo kilimkuta hajamaliza, kama wanavyodai. Pale ndipo kengele kubwa ya kanisa letu inapolia peke yake, imefungwa ngozi upande mmoja wa ulimi, kile chuma kinachoipiga kwa ndani, kama tunavyoifunga kila Novemba kwa ajili ya wafu wa vita. Pigo moja linatoka kali, linalofuata linafifia, kama mtu anayeitikia kutoka mbali. Kisha kwaya inaingia tena, taratibu. Tulilifanyia mazoezi yeye akiwa hai, Tuffley wa bucha akiwa mnarani na kamba mkononi.

Yote hayo nilimweleza Sir Mortimer nyumbani kwa Kasisi Lovibond, tukinywa chai.

"Mama, kengele yenu na kinanda havipatani," akasema. "Sauti yake iko chini kidogo."

"Iko chini tangu enzi za babu yangu. Ambrose alijua."

"Halafu hii ni santuri. Mtu amekaa kwake, mara muziki unakatika. Si atadhani sindano imekwama?"

Kasisi akacheka, akamwongezea keki. Kumbe Sir Mortimer alikwisha kuijaza ile nafasi kwa muziki wa kinanda aliotunga mwenyewe! Nikamwambia familia haikubali. Ndipo akatoa mfukoni telegramu yako. "Fanyeni mnavyoona inafaa."

"Ndugu yako ameshakubali, mama," akasema, kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulionichoma zaidi.

Ambrose alikuachia wewe haki za muziki wake kwa kuwa una watoto. Mimi aliniachia nyumba na mbwa, na sikunung'unika hata siku moja. Lakini ulishindwa nini kuniuliza? Wino umekwisha huko Kanada?

Nilipomwambia Tuffley, alikipigilia kisu chake kwenye gogo la nyama. "Anajaza nini? Pale pamepungua nini? Mwambie aje hapa bucha nimjaze yeye soseji!" Wateja walicheka. Mimi sikuweza.

Jumapili, Kasisi aliufunga mlango wa mnara na kutia ufunguo mfukoni. Kanisa lilijaa, na kwaya iliimba vizuri kuliko nilivyowahi kuisikia. Tulipofika pale na kunyamaza, kinanda kikaingia, kitamu, kizito, kama jemu iliyomwagwa juu ya nyama. Bi Pobjoy alilia kando yangu, na wageni wa London wakadhani ameguswa na uzuri.

Baada ya ibada tulitoka na vikombe vyetu vya chai. Tuffley akamwendea Kasisi, akanyoosha mkono.

"Ufunguo, Padri."

"Tuffley, ibada imekwisha."

"Yenu ndiyo imekwisha."

Akapewa. Baada ya muda kengele ikalia, pigo kali, pigo lililofifia. Wanaume wakavua kofia. Hakuna aliyepeleka kikombe mdomoni. Sir Mortimer, mguu mmoja ndani ya gari, akasimama kusikiliza, nami nikajisemea kwamba hatimaye ameelewa.

"Ala! Kengele nzuri hii," akasema. "Mbona hamkuniambia? Ingefaa kutumiwa mahali."

Nilikuwa na kikombe mkononi, namshukuru Mungu kilikuwa kitupu.

Santuri itatoka mwakani, na muziki utachapwa vilevile, na jemu yake. Mimi sina sauti kisheria, wewe unayo. Waandikie London leo kwamba umeondoa ruhusa yako.

Wewe ulikuwa mdogo, labda umesahau. Kengele ile ilikuwa ya Clement, kaka yetu mkubwa. Kabla hajaenda kwenye vile vita vya kwanza alikubeba mabegani mpaka juu mnarani, akaweka mkono wako kwenye kamba chini ya wake. Ulishuka ukimtangazia kila mtu kwamba umepiga kengele. Ufaransa haikuturudishia hata kifungo cha koti lake. Ile mistari mitupu ndiyo kaburi pekee alilopata, Ambrose alimchimbia mwenyewe, na wewe umemruhusu mgeni alifukie.

Nisalimie Muriel, na Ronald, na Peggy mdogo, mwambie soksi zake ziko njiani. Bi Pobjoy anakusalimu. Tuffley hakusalimu. Amekataa kuivua ile ngozi mpaka jibu lako lije, Kasisi amemfokea wee mpaka amechoka, na Krismasi hiyo inakuja. Usipoandika, kengele ya Noeli mwaka huu italia kama ya msiba, na mji mzima utajua ni kwa ajili ya nani.

Mungu awakinge na baridi ya huko, na akutie haraka ya kushika kalamu.

Dada yako akupendaye, hata leo,

Hester