Fomu ya Dana Perpetua

Jumatatu, 10 Machi

Vyeti vya ubatizo kumi na vitatu. Kumi ni vya watu wa herufi O. Droo ya O haifungiki tena bila kusukumwa kwa goti.

Padri ameondoka saa nne kwenda mafungo Kisumu. Atarudi Ijumaa jioni. Ameniachia funguo, mhuri, na onyo kwamba mhuri usitoke mezani. Nikamuuliza, mtu akija na habari za mapepo nifanye nini? Wakati wa Kwaresima wanakuja wengi. Alikuwa ameshaingia garini. Akasema, "Hospitali kwanza. Kisha mimi. Kisha Askofu. Wewe andika tu, Owino."

Nina miaka ishirini na minne. Nina diploma ya utunzaji wa kumbukumbu. Naogopa mapepo. Sijamwambia mtu. Kazi yangu ni ya majaribio hadi mwisho wa mwezi, na sidhani kuna parokia inayotaka karani wa namna hiyo.

Jumanne, 11 Machi

Siku moja tu, na amekuja.

Anaitwa Okoth, seremala, karakana yake iko nyuma ya soko. Anatengeneza milango na majeneza. Mkewe Rosa anapandwa na pepo tangu Desemba. Anaanguka jikoni, kisha anaongea kwa sauti ya marehemu mama yake Okoth, Dana Perpetua, yaani Bibi Perpetua, kama wajukuu walivyomwita.

Wamejaribu. Hospitali: daktari hakuona ugonjwa, ameandika apumzike. Nabii mmoja wa Sindo alimzunguka na kengele tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mchungaji mmoja wa Rongo alimfokea pepo kwa maikrofoni hadi majirani wakaja kumsihi mchungaji anyamaze. Wote wana njia moja. Pepo akifungua mdomo, wanamwambia, "Nyamaza! Toka!" Ananyamaza. Hatoki.

Sasa ndugu zake Okoth wameamua. Jumamosi asubuhi Rosa anapelekwa kambi ya maombi upande wa Migori, karibu na mpaka. Siku saba bila chakula, amefungwa kamba kwenye nguzo. Okoth alinieleza haya akiangalia viatu vyake. Ni wazi hataki. Ni wazi pia anamwogopa mama yake kuliko nguzo. Nikamwambia Padri hayupo hadi Ijumaa jioni.

"Basi wewe, karani. Si wewe ni mtu wa kanisa?"

Mwezi jana alikuja hapa mwanamke aliyetoka kambi hiyo, kuchukua cheti cha mtoto. Alitia sahihi mikono ikiwa imefunikwa kwa leso. Ilipoteleza niliona alama za kamba.

Nimemwambia Okoth amlete mkewe Alhamisi saa tatu. Sijui ni nani aliyesema maneno hayo kwa mdomo wangu.

Jumatano, 12 Machi

Simu ya Padri imezimwa. Mafungo.

Alisema niandike. Nimechapa fomu. Jina la anayesumbuliwa. Jina la anayesumbua, kama linajulikana. Makazi. Tarehe ya kuingia. Malalamiko. Sahihi au alama ya kidole. Shahidi. Imetoka vizuri, ukurasa mmoja, nembo ya parokia juu. Nilipoimaliza nilijisikia nafuu kwa muda wa dakika tano. Kisha nikajiuliza nitaiweka faili gani. Wagonjwa? Daktari amesema si mgonjwa. Maziko? Mmoja wao amezikwa, mwingine hajazikwa. Hakuna faili la mapepo. Sitalifungua mimi.

Mama Akinyi mwenye nyumba wangu ni Msabato. Nilimuuliza kwa mbali, kama mtu anayeuliza habari za mvua. Akasema aliyekufa amelala, hajui lolote mpaka siku ya ufufuo. Kwa hiyo huyo si mama mkwe hata kidogo. Nikashusha pumzi.

"Ni shetani mwenyewe," akasema, "amevaa sauti yake. Ongeza chapati."

Chapati ilinishinda.

Alhamisi, 13 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Walifika saa tatu kamili. Rosa ni mwanamke mdogo, mpole, amemaliza kidato cha nne. Alinisalimu vizuri, akaketi kwenye benchi, akaniomba maji. Nikafikiri tutaishia hapo. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Macho yakafumbwa. Kiatu kimoja kikaruka hadi chini ya kabati. Na sauti ikatoka, nzito, ya mtu aliyevuta kiko miaka mingi.

Okoth akaruka juu kama alivyofundishwa. "Nyamaza! Toka!"

Padri alikuwa amesema niandike tu, si kutoa pepo. Sikuwa na nguvu ya kukimbia. Nilikuwa na fomu. Nikamwambia Okoth, bwana, nafasi yako iko chini kabisa, shahidi. Subiri tufike.

Nikauliza, "Jina?"

Nadhani hakuwahi kuulizwa hivyo.

"Perpetua."

"Makazi?"

"Jikoni."

"Tarehe ya kuingia?"

"Siku mbwa alipokula omena."

Niliandika. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeangalia kitabu na sipendi kumbukumbu zinazopingana, nikasema, "Mama, kitabu cha maziko, ukurasa wa themanini na nane, kinaonyesha umefariki."

"Najua," akasema. "Endelea."

Sehemu ya malalamiko ilichukua dakika arobaini na karatasi mbili za nyongeza. Okoth ametengeneza milango ya nusu ya Homa Bay, lakini jiko la mke wake lina gunia mlangoni. Mbwa huingia. Kuku huingia. Wadogo zake Okoth huingia, wanafunua sufuria, wanakula wamesimama na hawasalimii. Cherehani ya Rosa imehamishiwa nyumba ya mbuzi ili mbao zipate nafasi. Rosa hajamwona mama yake wa Kendu Bay miaka minne, na Kendu Bay si Ulaya. Redio hulia saa kumi na moja alfajiri. Tena Okoth humwita "wewe." Mtu ana jina. Alibatizwa.

Kila kitu nilikiandika. Mara mbili nilimwomba arudie, akarudia polepole, kama mtu anayemsomea mtoto imla. Mara moja akanigeukia, macho yamefumbwa vilevile. "Nyathina, mwanangu, mbona unatetemeka? Umekula wewe?" Nikasema ni Kwaresima, mama. Akasema Kwaresima haikatazi uji.

Kisha nikamsomea yote, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa, aliyeandikwa asomewe. Nilisoma kwa sauti. Okoth alikaa. Kufikia cherehani alikuwa ameshika kichwa. Kufikia Kendu Bay alikuwa ameangalia ukuta.

Sahihi. Dana alisema hakusoma. Nikaleta wino, akabonyeza kidole. Hapa nina wasiwasi wa kikazi. Dana hakusoma lakini Rosa amesoma, na kidole ni cha nani?

Rosa akapumua sana, akafumbua macho, akauliza kiatu chake kiko wapi.

Okoth alitia sahihi ya shahidi. Alitoka mbele, Rosa nyuma yake. Sijui amekasirika au la. Sijui kama nimemsaidia Rosa au nimempeleka kwenye nguzo mimi mwenyewe, kwa ukurasa mmoja na nyongeza mbili.

Ijumaa, 14 Machi

Watu kumi na mmoja langoni asubuhi. Wanataka "kuandikwa." Nani amewaambia? Mama mmoja muuza samaki anataka mumewe aandikwe bila mumewe kujua. Mwendesha boda ameleta pikipiki, inazima kila ikifika daraja lilelile. Nikasema fomu zimeisha. Akasema atasubiri.

Nimejifungia chooni nusu saa. Si mara ya kwanza katika kazi hii.

Padri amerudi saa kumi na mbili kasoro, saa ya Njia ya Msalaba. Ameona foleni. Amesikia yote langoni kabla ya kushuka garini, pamoja na mambo ambayo hayakutokea. Inasemekana niliruka. Aliniambia, "Jumatatu saa tatu. Uje na hiyo karatasi."

Nimefanya uchunguzi wa pepo bila kibali cha Askofu, kwenye karatasi yenye nembo. Watu wamefukuzwa kazi kwa makosa madogo kuliko hilo.

Kesho ni Jumamosi.

Jumamosi, 15 Machi

Saa mbili nimepita nyuma ya soko. Karakana imefungwa. Kufuli kubwa. Fundi wa viatu jirani anasema Okoth alipakia vitu kwenye mkokoteni alfajiri, akaondoka na ndugu zake wawili.

Wameenda.

Nimerudi nyumbani. Nimekataa chakula cha Mama Akinyi. Amesema anajua, ni shetani.

Jumapili, 16 Machi

Hawakuja Misa. Niliangalia benchi lao wakati wa mahubiri yote. Sikumbuki injili.

Jumatatu, 17 Machi

Nilifika saa mbili. Rosa alikuwa ameketi kwenye ngazi za ofisi, na Okoth kando yake, vumbi la mbao kwenye nyusi. Mikono yake Rosa niliiangalia kwanza. Ilikuwa na unga wa chapati tu.

Mkokoteni ulibeba mlango. Wa mvule. Okoth alikuwa amemtengenezea mteja, akampa mkewe. Ndugu zake walikuja kushika fremu, na kila mmoja alibisha hodi kabla ya kuingia jikoni, kwa amri. Jana walikuwa Kendu Bay kwa mama yake Rosa.

Padri alisoma kurasa zote tatu amesimama. Alivua miwani. Nilifikiri amekasirika, kumbe alikuwa anacheka bila sauti.

"Nani alikuruhusu kupunga pepo?"

"Sikupunga, Padri. Niliandika tu."

Akasema kumsikiliza mtu hakuhitaji kibali cha Askofu, lakini nisithubutu kuchapa fomu nyingine. Kisha akamuuliza Rosa, mama, ni nani aliyekuwa anaongea? Rosa akafikiri.

"Sijui, Padri. Nilisikia joto, nikasikia mtu anasema. Nikaona ninakubaliana naye."

Okoth akasema ilikuwa sauti ya mama yake kabisa. Padri akamwambia, awe ni mama yako au si yeye, mlango ubaki. Akawabariki wote wawili. Akamwagiza Rosa arudi kwa daktari mwisho wa mwezi. Kisha, akitafuta kitu kingine mezani, akasaini barua yangu ya kazi.

Nilimuuliza fomu niiweke faili gani. Alikuwa ameshatoka.

Nimefikiri hadi chakula cha mchana. Si Wagonjwa. Si Maziko. Nimeiweka Ndoa, Okoth na Rosa, nyuma ya cheti chao. Droo ya O. Nimeifunga kwa goti.

Mchana nimekunywa uji.