Koki Uliyoifunga na Shule Unayoitaka

Uljin,
9 Oktoba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Hangyeol,

Pokea salamu kutoka huku kwenye upepo na ngisi wa kukausha. Hujambo? Na mgongo wa mama umepoa baada ya kuvuna pilipili? Sisi wazima, ila mwanangu Soli anaota meno na usingizi umenihama. Ukiona mwandiko unayumba, ujue mkono mmoja umembeba yeye.

Umeniomba nimshawishi mama akuruhusu kusoma shule ya ufundi ya huku, ile inayoandaa vijana wa vituo vya nyuklia. Yeye anataka sekondari ya kawaida hapo nyumbani, kisha chuo kikuu. Alinipigia akilia: "Mwanangu wa kiume ni mmoja tu, naye akashike spana?" Usimcheke. Ni uchungu wa mwana huo.

Kwanza unijibu kweli: unaikimbilia shule hii au unaikimbia hisabati? Maana huku pia utaikuta, imevaa ovaroli. Shemeji yako Beomsik alizunguka miaka na tochi akikagua pampu kabla ya kukalia kiti cha chumba cha kuongozea kinu cha nyuklia, na mtihani wa leseni ulimwangusha mara ya kwanza. Akiwa zamu ya usiku, mchana analala, na mimi namziba mtoto mdomo kwa wali na supu ya mwani. Kazi unayoitaka ndiyo hiyo.

Lakini siisahau sikukuu ya mavuno ulipokuja kwetu. Beomsik alikwambia ufunge koki ya gesi, ukaitikia "ndiyo, ndiyo" macho kwenye simu, ukafunga ya maji ya moto. Nikataka kumwogesha Soli, maji barafu! Sote tukalilaumu bomba. Hakuna aliyekushuku. Ukatoka chumbani mwenyewe: "Shemeji, ni mimi. Nimefunga koki siyo."

Akacheka sana. "Shemeji, sisi kazini tunaionyesha kwa kidole, tunaitaja kwa sauti, ndipo tunaigusa. Dada yako akinisikia nikiongea na jiko anadhani nimerogwa!"

Ulipoondoka akaniambia, "Kidole nitamfundisha yeyote. Kusema 'ni mimi' kabla hujaulizwa, hilo sijui linafundishwa wapi."

Maneno hayo nimempelekea mama. Sasa amekubali kukusikiliza. Zaidi ya hapo hajakubali. Nami nimefika mwisho wangu, Hangyeol, sitakusemea tena. Zima simu, kaa mbele yake, weka kidole juu ya jina la shule, ulitaje kwa sauti, halafu umwambie: "Mama, ni mimi ninayetaka." Akikataa, umkubalie kwa adabu, usome hapo, mlango wa kinu una njia zaidi ya moja.

Nisalimie mama na shangazi Malsun. Mungu akupe ulimi mnyofu na moyo mtulivu.

Dada yako akupendaye, hata akiwa na usingizi,
Yeonju