Viatu Kwenye Ngazi ya Bibi Mkubwa

Chelezoni, 4 Februari

Shikamoo Baba,

Natumaini mgongo umepata nafuu, na Mama hajakificha tena kile kiti kibovu unachokataa kukitupa. Mimi ni mzima. Nina habari, na nakuomba ukae kwanza.

Bibi Mkubwa hakuuzwa chuma chakavu! Meli uliyoitumikia miaka ishirini na mbili, wewe fundi seremala wake, imepata mnunuzi. Imevutwa kutoka kule ilikofungwa tangu ulipostaafu, sasa imekaa kwenye chelezo chetu cha kutengenezea meli, na tutaigeuza kuwa meli ya kitalii: roshani kwa vyumba vya juu, bwawa la kuogelea, ukumbi wa sinema. Msanifu wa vyumba na kumbi ni mimi, Baba.

Wiki iliyopita niliingia ndani kwa mara ya kwanza. Nimezoea meli za siku hizi, pembe mraba kila mahali kama makasha. Hii imechongwa. Niliushika mkono wa mbao wa ngazi kuu kutoka chini hadi juu, nikitafuta kiungo kwa vidole, sikukipata. Nilisimama pale mdomo wazi mpaka mafundi wakanicheka.

Shida ni hiyo hiyo ngazi. Wenye meli wanataka ing'olewe, iwekwe lifti ya vioo. Nimebishana nao siku mbili. Wamenipa sharti: vyumba vikikamilika kabla ya mwisho wa Juni, ngazi itabaki. Tukichelewa hata siku moja, inatoka. Niandikie neno la kuwaambia. Nani anaijua kukushinda wewe?

Mwanao,
Msumari


Nyumbani, 20 Februari

Binti yangu Msumari,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mama yako anakusalimu na anauliza kama unakula au unashindia chai. Barua yako nimeisomea juu ya kile kiti na hakikuvunjika. Mwambie.

Hongera, mama. Nilitoka na barua mkononi nikamsomea jirani, kisha jirani wa pili, na huyo wa pili hata hatusalimiani. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na mtoto wa seremala ameota meno ya msumeno. Nimefurahi sana.

Lakini neno la ngazi sina. Ing'oeni, wawekewe lifti yao. Usiniulize zaidi.

Nakupa ushauri mmoja wa bure: ukifika kwenye milango, pimamaji iache sandukuni.

Baba yako


Chelezoni, 2 Mei

Shikamoo Baba,

Hamjambo hapo nyumbani? Nimekutumia barua mbili tangu Februari na hujajibu hata moja. Mama anasema u mzima, umenuna tu. Kama nimekukosea kwa kuuliza habari za ngazi, nisamehe. Leo siulizi ngazi.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimevunjika milango mia mbili na kumi na miwili. Vyumba vya sitaha za kati hatukuvihamisha kuta, kwa hiyo niliagiza milango mipya, yote ya kipimo kimoja, mraba safi. Ile ya katikati ya meli ilikaa vizuri, nikajisifu. Tulipoelekea omo, mbele ya meli, ikaanza kukataa. Upande mmoja unasugua sakafu, upande wa pili unaacha uwazi wa kupita paka. Kwenye tezi, kule nyuma, ni vilevile, kinyume chake. Ndipo nikapiga magoti nikatazama ushoroba mzima kwa jicho moja, nikaona: sakafu inapanda kuelekea ncha zote mbili. Bibi Mkubwa hana mstari ulionyooka hata mmoja, na mimi nilimpima kama nyumba ya matofali.

Mkuu wa kazi anasema kuupima upya mlango mmoja mmoja kutatupeleka Agosti. Nikifika Agosti, ngazi imekwisha. Ninyi mlifanyaje?

Msumari wako, uliopinda


Nyumbani, 19 Mei

Msumari,

Marahaba. Mgongo unauma, lakini hizo ni habari za kila siku. Mama yako hajambo, amenikasirikia kwa sababu utakazoziona.

Mzigo unaokuja na barua hii ni fimbo kumi na nne, kila ushoroba na fimbo yake. Kila mlango una alama zake mbili: ya kisu ni urefu wa upande wa bawaba, ya tundu ni upande wa kitasa. Anza katikati ya meli, nenda omo, rudi, nenda tezi. Milango yako ikate chini tu, juu usiguse. Siku ya kustaafu niliambiwa nizichome. Nilizileta nyumbani, na mama yako amezitumia miaka minane kuegemezea nyanya. Nimezing'oa zote. Fimbo ya tatu bado ina udongo. Nyanya zimelala chini, nami silali pazuri.

Sasa ngazi. Sikununa, mwanangu. Niliona aibu.

Ile ngazi mfanyakazi hakuruhusiwa kuipita. Fundi akiitwa kuitengeneza, alivua viatu chini, akapanda kwa soksi, na mfukoni alikuwa na kitambaa. Akishuka alifuta nyuma yake, kipandio kwa kipandio, ibaki kama hajapita mtu. Miaka ishirini na mbili nilishuka kinyumenyume nikijifuta mwenyewe. Vipandio vyote nimevipaka nta kwa mkono huu. Dhoruba ilipouvunja ule mkono wa ngazi, niliuchonga upya nusu nzima. Kiungo ulichokitafuta ni changu, na sikuonyeshi.

Sijawahi kushika kitu kizuri kama kile, na nilikichukia. Kwa hiyo ukiniuliza kama ibaki, umemuuliza mtu asiyefaa. Amua wewe. Ila milango ifunge, maana mlango usiofunga ni aibu ya ukoo.

Baba yako


Chelezoni, 9 Agosti

Shikamoo Baba,

Mgongo? Mama? Nyanya? Nimewatumia mbegu na miti mipya ya kuegemezea, tafadhali usiiguse.

Mlango wa mwisho ulifungwa tarehe ishirini na saba Juni, siku tatu kabla ya mwisho. Ulifunga kwa kidole kimoja, Baba. Maseremala wangu wanazishika fimbo zako kwa mikono miwili, na yule mkubwa wao, asiyemsifu mtu, alisema, "Huyu mzee alikuwa fundi au mchawi?" Nikamwambia fundi, na ni baba yangu. Nimejivuna mpaka nikaona haya.

Ngazi imebaki. Mkaguzi wa moto alitaka mbao zivuliwe, chini pawekwe chuma, kisha zirudishwe na dawa ya kuzuia moto. Nilisimamia mwenyewe. Kiungo chako nimekitafuta tena kwa taa. Sijakiona.

Kitu kimoja nimekibadilisha. Kwenye kanuni za meli nimeomba iandikwe kwamba ngazi kuu ni ya kila aliyemo melini, mfanyakazi na mgeni. Mwenye meli aliuliza kwa nini. Nikamsomea barua yako. Akaomba kalamu, akatia saini.

Meli inafunguliwa tarehe sita Septemba. Nakuomba uje. Uje na viatu.

Msumari


Nyumbani, 12 Septemba

Binti yangu Msumari,

Hujambo? Tumefika salama. Mama yako anawahadithia majirani wote habari za bwawa, hata yule tusiyesalimiana naye.

Meli umeipamba, mama. Bibi Mkubwa amevaa nguo mpya, lakini mwendo ni ule ule wake. Nilijaribu milango kumi na minane nilipokuwa nasema naenda msalani. Yote inafunga.

Garini, ulipotusindikiza, uliniuliza swali nikajifanya nimesinzia. Ulitaka kujua kwa nini nilisimama juu ya ngazi, nikageuka, nikatoa kitambaa mfukoni.

Viatu vilikuwa vipya, vinalia, na nilipita katikati kama ulivyoniambia. Nilipofika juu niligeuka kwa mazoea, kutazama kama nimeacha alama. Zilikuwepo, Msumari, kipandio kwa kipandio, kutoka chini hadi nilipokuwa nimesimama. Mkono ukaenda mfukoni wenyewe.

Kitambaa nilifutia macho. Alama niliziacha.

Baba yako