Sufuri ya Swali la Tisa

Mama yangu mpendwa,

Salaam aleikum huko ulikotangulia. Leo nimechoka, Mama, na wa kumwambia sina, ila wewe.

Kazi ni ile ile uliyoicheka. "Kwa hivyo kazi yako ni kupiga simu tu?" Bado napiga. Huu utafiti wa Alzheimer, ugonjwa wa kusahau, una wenyewe wengi: madaktari wa Nairobi, maprofesa wa ng'ambo, wauguzi wetu wa hapa Isiolo, na mimi katikati wa kuwaunganisha, niliyeishia kidato cha pili. Ng'ambo wanauliza fomu ziko wapi, na gari lenye fomu limekwama njia ya Biliqo. Naswali alasiri simu ikitetemeka kando ya mkeka.

Lakini si hayo yaliyonichosha hasa.

Unakumbuka siku niliyokujaribu kwa yale maswali ya utafiti, kabla hatujayapeleka kwa watu? Ulikuwa unafukiza kibuyu cha maziwa. Tayari ulishaanza kuniita kwa jina la dada yako. Nikafika swali la tisa: una watoto wangapi?

"Mungu ndiye anajua."

"Mama, jibu vizuri. Ni ya daktari."

"Daktari ana haja gani na idadi yenu? Kesho atataka na ya ngamia!"

Nilicheka, nikaandika sufuri, maana yake mgonjwa amesahau. Na nilijua, Mama. Kwetu Waborana mzazi hahesabu watoto wake kwa mdomo, ni kama kuwaitia mabaya. Nilijua tangu utotoni. Lakini nilikuwa na kitambulisho kipya shingoni, nikataka kuonekana msomi.

Juzi nikawa napanga fomu za wazee wa Kinna. Sufuri, sufuri, mzee baada ya mzee, hapo hapo kwenye swali la tisa. Wengine nawafahamu, akili zao ni nzima kuliko yangu. Wangeandikwa wagonjwa, na watoto wao waambiwe hivyo.

Jana kwenye mkutano wa simu nikapiga bismillahi, nikasema, "Swali la tisa ni baya. Hawa hawajasahau. Wanawalinda watoto wao."

Daktari mkuu akaniuliza, polepole, "Dada, mbona hukutuambia mapema?"

"Kwa sababu sufuri ya kwanza niliiweka mimi. Nilimwekea mama yangu."

Hakuna aliyenigombeza. Swali limeondolewa. Sasa wazee wote wanarudiwa, nyumba kwa nyumba, na wa kupanga safari hizo ni mimi tena. Miguu inauma kabla sijaanza. Nitaenda, inshallah. Ila fomu yako, Mama, haiwezi kurudiwa.

Ulikuwa mgonjwa kweli, sikatai. Mwishoni jina langu lilikupotea kabisa. Lakini wiki ile ya mwisho muuguzi alipokuuliza tena una watoto wangapi, ulinishika kidole ukakibana, ukasema, "Mungu ndiye anajua." Nikatoka nje nikalia, nikidhani mara hii umetusahau kweli.

Nisamehe. Mungu akupanulie kaburi lako, alitie nuru.

Ni mimi binti yako,
mmoja wa wale uliokataa kuwahesabu.